Papa Djuma Anaitwa Kula

Kabondo, Kisangani
9 Septemba 2023

Leki yangu, mdogo wangu Rachida,

Salamu za nyumba nzima zikuvukie mto Aruwimi, na kahawa hii kidogo izisindikize. Sisi wazima. Djamila amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kama honi ya kivuko. Djuma bado anabeba mizigo pale uwanja wa ndege wa Bangboka. Mgongo unamuuma, mdomo hauumi. Tangu mama yao Safi atutoke mwaka jana tumejifunza kupika. Djuma anapika wali ambao hata kuku huutazama kwanza kabla ya kuudonoa.

Sijakuandikia tangu uliposema redioni kwamba kila anayefuga kasuku nyumbani ni askari wa gereza. Siku ile nilikuwa na wateja dukani. Wote waligeuka wakanitazama mimi, halafu wakamtazama kasuku wangu Kapita. Naye Kapita akawaambia, "Karibu, pima kwanza!" Nikazima redio.

Sasa nakuandikia kwa ajili yake. Unajua tabia ya umeme wetu. Ukikatika, Kapita hupanda kwa makucha hadi darini akakaa juu ya ubawa wa feni kama msimamizi wa eneo. Wiki iliyopita umeme ulirudi bila hodi. Feni ilizunguka naye, yeye ameng'ang'ania, mimi napiga kelele na mkasi mkononi, mwisho ikamtupa ukutani. Bawa la kushoto linaning'inia. Chakula hali vizuri, na hajasema neno tangu hapo. Muuza dawa za mifugo sokoni amenipa dawa ya kuku.

Moussa anakuja huko na pikipiki yake kuchukua mawese. Nimempa Kapita ndani ya kikapu, na kikapu nimekishonea bitana ya pamba. Najua una ndege wengi wa msituni, wale wa ulimbo. Mtibu na huyu pia, halafu nirudishie kabla ya Ramadhani. Akianza kusema, niandikie siku hiyo hiyo: amesema nini, na kwa sauti ipi.

Kaka yako Abdulhamid,
fundi nguo, si askari


Banalia, ng'ambo ya mto
27 Septemba 2023

Yaya Abdulhamid, kaka yangu,

Mungu amkuze mtoto wa Djamila, na sauti yake isipungue. Familia hii haijawahi kuzaa mtu wa kunong'ona. Mimi mzima. Mvua imetubomolea ukuta wa jiko, tumeujenga tena, umeinama kidogo kama mwanasiasa mbele ya mfadhili.

Kapita amefika. Moussa anasema alitulia njia nzima, ila kwenye kivuko alimng'ata kidole mbele ya watu. Nampongeza. Odile, daktari wa mifugo tunayefanya naye kazi hapa, amempapasa taratibu: mfupa mmoja umevunjika, umevunjika vizuri. Amelifunga bawa na mwili kwa bendeji, sasa anaonekana kama mzee aliyevaa koti la kuazima. Dawa yako ya kuku tumeimwaga.

Umeandika kwamba wewe si askari. Tuzungumze basi, maana wewe ulianza. Kila wiki kuna watu wanapanda miti ya msitu huu na gudulia la ulimbo. Wanamfunga kasuku mmoja tawini awaite wenzake, wenzake wanakuja, wananata. Kisha mkasi, shwa, manyoya ya kurukia yanakatwa, na ndege wanajazwa ndani ya masanduku kama viazi. Wengi hufa kabla ya kuiona ndege ya chuma. Na kwa nini? Ili mtu fulani, mahali fulani, aambiwe "karibu" na kiumbe asiyejua maana ya karibu! Hakuna mwindaji bila mnunuzi, yaya. Nililisema redioni, nalirudia hapa, na nitalirudia siku ya kiama nikipewa kipaza sauti.

Wale wanaonusurika huletwa kwetu. Tunautoa ulimbo kwa mawese na sabuni, kisha tunangoja manyoya yaote upya, miezi na miezi. Na tuna kanuni moja kubwa: karibu na matundu hakuna kusema. Hata kuimba hakuna. Kasuku anayejifunza maneno ya watu atawafuata watu, na watu wana ulimbo. Basi mimi, niliyelishwa na mdomo wangu miaka yote, nashinda mchana kutwa nikisema kwa mikono. Jana niligombana na Odile kwa vidole tu. Nilishindwa, yeye ana vidole virefu.

Ndiyo sababu barua zangu ni ndefu. Jioni nakaa barazani kwangu, naandika na kujisomea kwa sauti kama zamani redioni, koo lisiote kutu. Kapita nimemtundika hapo hapo barazani, mbali na wengine, asije akawaharibu kwa Kiswahili chake cha dukani.

Hasemi neno. Mimi nasema alhamdulillahi. Kuhusu kumrudisha, tutaona. Mfungwa akipona harudishwi gerezani eti gereza lisione upweke.

Mdogo wako Rachida


Kabondo, Kisangani
12 Novemba 2023

Leki yangu,

Barua yako imechelewa. Moussa anasema kivuko kiliharibika, akakaa Banalia akila samaki kwa hasara yako. Huku wazima. Mtoto wa Djamila ameitwa Khadija, jina la mama yetu. Sasa ana kidevu chake pia, tuombe asiwe na mkono wake.

Umeandika kurasa sita kuhusu jela na mstari mmoja kuhusu ndege. Nitajibu kwa ufupi, mimi ni mtu wa pindo.

Kapita hakununuliwa kwa mtu wa ulimbo. Safi alimkuta soko la Yanonge, kinda bila unyoya, ndani ya sufuria, pembeni ya samaki wa moshi. Muuzaji alisema, "Mama, huyu atakufa leo, kamata tu bure." Safi akamleta kwa mtumbwi ndani ya kilemba chake. Alimtafunia ndizi akamlisha kwa mdomo wake. Mimi nilicheka, nikasema huyo si ndege, ni kidonda chenye macho. Kwa hiyo kama familia hii iliwahi kuwa na mwokozi wa wanyama kabla yako, alikuwa yeye, na hakuwa na redio.

Maneno yote aliyo nayo Kapita alifunzwa na Safi, ila lile la "pima kwanza" ni langu.

Sasa nijibu ninachouliza. Je, anasema?

Abdulhamid


Banalia
18 Desemba 2023

Yaya,

Nimelisoma lile la kilemba mara mbili. Sikulijua. Sina cha kubishana nalo, na unajua jinsi hali hiyo inavyoniumiza.

Huku ni wazima, ingawa uchaguzi umetufikia. Wiki iliyopita gari la mgombea mmoja lilikuja na vipaza sauti hadi karibu na matundu. Nilitoka mbio nikasimama katikati ya njia, mikono juu, kimya, kwa sababu ya kanuni. Dereva alidhani nashangilia, akaongeza sauti! Ilibidi Odile achomoe waya. Hebu fikiria, yaya: kasuku zaidi ya arobaini wapande miti ya jimbo lote la Tshopo wakiahidi barabara na maji safi. Tungekuwa tumetengeneza chama kipya, na pengine bora kuliko vingine.

Sasa habari yenyewe. Wamekuja ndege wapya, waliokamatwa Bangboka ndani ya masanduku ya samaki. Labda Djuma amekusimulia. Hali mbaya. Manyoya yamekatwa, vifua vina ulimbo uliokauka. Wamejikusanya pembe moja ya tundu, sakafuni, wakitetemeka. Tuliwawekea chikichi, hawakugusa. Ndizi, hawakugusa. Walianza kufa, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Odile alikuwa analia na kuosha sindano, kuosha sindano na kulia.

Kapita bendeji ilishatoka. Nikasema kwa mikono: tumjaribu? Odile akasema kwa mikono: kanuni yako je? Nikasema: hasemi tangu feni, bubu kama jiwe. Tukamwingiza.

Laiti ungemwona! Aliingia kwa miguu, anayumba, kifua mbele, akawatazama wale waliojikunja kama anavyotazama mteja aliyechelewa kulipa. Akapanda gogo. Akachukua chikichi kwa mguu, akaizungusha, akaimenya, akala akitupa maganda chini juu ya vichwa vyao. Akachukua nyingine. Mmoja wao akasogea. Kisha wa pili. Kufikia mchana wote walikuwa juu ya magogo wanakula, na mimi nilikuwa nyuma ya mti, kanga mdomoni, nisipige vigelegele.

Hakuna aliyekufa tena. Ameokoa tundu zima, yaya, kwa kula tu.

Naye anajifunza kwao. Anapiga mabawa kila alfajiri, ameruka kutoka gogo hadi gogo. Odile anasema akiendelea hivi, manyoya ya wenzake yakikamilika, ataweza kwenda nao msituni. Nami naona hiyo ndiyo haki yake. Ramadhani yako ingoje. Bado kimya kabisa, usiwe na shaka.

Rachida


Kabondo, Kisangani
20 Januari 2024

Rachida,

Tuko wazima.

Nimefurahi kwa ndege wako. Nirudishie wangu.

Usinitungie hotuba. Sitaki kusikia neno haki. Duka limekuwa kimya, wateja wanaingia na kutoka, magharibi inafika nami sijui imefika, Djuma ananikuta bado nashona gizani. Ramadhani iko karibu. Mwaka jana Kapita alikuwepo.

Moussa ana kikapu.

Abdulhamid


Banalia
24 Februari 2024

Yaya wangu,

Nilikuwa nimekuandikia kurasa nane. Zilikuwa kali, zilikuwa nzuri, nilikuwa nimekuita mtawala wa kikoloni mara mbili. Nimezichana. Ngoja nikueleze.

Amesema.

Ilikuwa jana, jua linazama. Nilikuwa namwaga maji kwenye sinia, Odile anafagia. Nikasikia nyuma yangu, wazi, kama mtu amesimama mlangoni na mwiko mkononi: "Papa Djuma! Acha mashini, kuya kula!"

Sinia lilinianguka. Niligeuka kumtafuta wifi yangu. Wallahi niligeuka kumtafuta. Ni yeye, yaya, anakuita wewe. Ile "kuya" aliyoivuta mwishoni, ile hasira yake ambayo haikuwa hasira. Nilikaa chini penye maganda ya chikichi, nikavunja kanuni yangu mwenyewe. Nilisema, "Safi, nakuja." Odile hakunikemea hata kwa kidole.

Kumbe ndilo ulilokuwa unauliza tangu Septemba. Na mimi nakujibu: hasemi, alhamdulillahi! Ungeniandikia tu, weye mtu wa pindo. Ungesema: ni sauti ya mke wangu. Ungenishinda kwa mstari mmoja. Lakini najua ni kwa nini hukuandika, kwa hiyo tuishie hapo.

Moussa anamleta. Utakuwa naye kabla ya mwezi kuandama. Bitana ya kikapu nimeifua.

Kuna jambo jingine, nalo linanitia aibu. Leo jioni Kapita ameita tena, na wengine wameitikia. Siyo kwa mlio wa msituni. Ndege wa Bangboka, wale wa pembeni, wamesema wote pamoja, "Kuya kula!" Odile ameshika kichwa. Na si hilo tu. Mmoja, mdogo, mwenye mkia mwekundu sana, amemalizia kwa sauti ya mwanamke mkali: "Uongo mtupu!"

Uongo mtupu, yaya! Neno langu la redioni. Nimeuliza kwa mikono nani amesema neno hilo mbele ya ndege. Odile akaninyooshea kidole mimi. Barazani, kila jioni, mimi na barua zangu na "uongo mtupu" wangu, Kapita juu ya kichwa changu, kimya, akisikiliza. Kumbe kimya ni mbele yetu tu; usiku amekuwa akiwafundisha.

Sasa Odile anasema hatuwezi kuwaachia. Kanuni ni kanuni, niliiandika mwenyewe ukutani. Sijui la kufanya. Niombee, na umsikilize Kapita wako.

Rachida


Kabondo, Kisangani
15 Aprili 2024

Leki yangu mpenzi,

Idi njema, ingawa imepita. Hapa tumekula hadi Djuma ameomba kwenda kazini. Khadija mdogo ameota jino na tayari amemng'ata babu yake.

Kapita alifika siku mbili kabla ya mfungo. Alipotoka kikapuni alinitazama, akatazama mashini, akasema, "Pima kwanza." Nikajua tumepatana.

Siku ya kwanza ya kufunga, jua lilipozama, aliita. Nilikuwa nimeshika tende mkononi. Rachida, sitakuandikia jinsi nilivyokuwa. Djuma alikuja kutoka uani na sufuria, akasimama mlangoni. Kisha akasema, "Papa, mama anaita, twende." Tukala. Ikawa hivyo mwezi mzima. Majirani walianza kuleta sahani zao kwetu, wanasema wanaogopa kukataa wito. Hata mama Alphonsine wa nyumba ya pili, Mkristo, alifuturu nasi karibu kila siku bila kufunga hata moja. Safi angempenda zaidi kwa hilo.

Feni nimeiuza.

Sasa nisikilize. Mtu uliyemrudisha si yule niliyekupa. Zamani alikuwa anatembea dukani kama kuku. Sasa anaruka! Anazunguka chumba, anapiga dirisha, anatua juu ya mashini na kutazama nje. Kila alfajiri anapiga mabawa hadi vitambaa vinapeperuka, kisha anaita kwa mlio nisioujua, mlio wa huko kwenu, na anangoja. Hakuna anayemjibu. Nimelijua hilo la kuita na kungoja, leki. Sitamfanyia hilo ndege wa Safi.

Moussa anakuletea. Usinipongeze, na hasa usiniite askari aliyetubu.

Kuhusu kanuni yako: unauliza ufanye nini na ndege waliojifunza neno la Safi. Yeye hakuwahi kumwita mtu ili amfunge. Aliita ili watu wale. Wape mabawa yao, wafungulie, waite wanavyotaka. Na yule mdogo wa "uongo mtupu", muachie wa kwanza, msitu nao una haki ya kupumzika kidogo bila sauti yako, lakini naona haitawezekana.

Kaka yako Abdulhamid


Banalia
30 Juni 2024

Yaya,

Keti kwanza. Weka mkasi chini.

Tuliwafungulia mwanzoni mwa mwezi, asubuhi, ukungu ukiwa umeondoka mtoni. Odile alibisha hadi mwisho kabisa, kwa mikono yote miwili, kisha yeye mwenyewe akakata kamba ya mlango wa juu. Kwa muda hakuna aliyetoka. Kapita akapanda ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, nami nikasema moyoni, huyu sasa atasema pima kwanza. Hakusema. Akaruka. Wote wakamfuata kwa pamoja, kijivu na nyekundu juu ya mto, na mlio wao, Mungu wangu, mlio wao! Nilipiga vigelegele hadi mvuvi mmoja alisimamisha mtumbwi akauliza nani ameolewa.

Wanalala kwenye miti mirefu nyuma ya shamba la zamani la kahawa. Chikichi tunawawekea bado, wanakuja wachache, kila siku wachache zaidi. Ndivyo inavyotakiwa.

Lakini nilikuwa na hofu, hukunisikia nikiisema. Nilijua watu wa ulimbo watawasikia. Na kweli, juma lililopita walikuja.

Saa ya magharibi tulisikia kelele za kutisha kutoka kwenye ile miti. Tukakimbia. Mtu mmoja alikuwa mbio kuelekea barabarani, kiatu kimoja. Mwingine, jina lake Michel, alikuwa juu kabisa, amelikumbatia tawi, macho ameyafumba, na juu yake kundi zima. "Papa Djuma! Acha mashini, kuya kula!" Na yeye, maskini, anajibu kwa heshima: "Mama, pardon, mimi haiko papa Djuma! Mimi ni papa Nadia!"

Na yule mdogo wa mkia mwekundu, kutoka tawi la juu: "Uongo mtupu!"

"Ni kweli, mama! Naapa! Papa Nadia, wa Banalia!"

"Uongo mtupu!"

Yaya, nimebishana na mawaziri. Sijawahi kumshinda mtu namna ile.

Alitaka kushuka hakuweza. Gudulia lake mwenyewe lilikuwa limempasukia mapajani, amenata mtini kama kasuku. Ilibidi tumpandie na mawese. Tulimshusha, tukamlaza kwenye meza ile ile ya ndege, tukamsugua kwa mawese na sabuni mpaka nywele za miguu zikatoka. Alipotaka kusema, Odile aliweka kidole mdomoni: karibu na matundu hakuna kusema. Akanyamaza kama mgonjwa mwema. Tulipomaliza nikampa lituma, ndizi za kuponda, na samaki, kwa sababu ameitwa kula, na aliyeitwa na wifi yangu hawezi kuondoka na njaa. Alikula mara mbili. Aliniuliza kwa sauti ndogo yule mama wa mtini ni nani. Nikamwambia ni mtu wa Kisangani, mpishi mzuri sana, na hapendi ulimbo. Tangu siku hiyo hakuna aliyepanda miti ile. Mjini Banalia wanasema msitu una mwenyewe.

Kanuni ya ukutani sijaifuta. Ndege wapya wakija, nitafunga mdomo tena. Sasa hata barazani naandika kimya, na koo langu limeota kutu kweli, ndiyo maana namalizia.

Kila jioni, jua likigusa maji, anaita. Kapita kwanza, kisha wote, kutoka mti hadi mti, hadi ng'ambo. Kivuko kizima kinasikia. Jana Moussa alisimamisha pikipiki akaniuliza, "Mama Rachida, huyu papa Djuma atakuja lini? Chakula kitapoa."

Nikamwambia akulete. Kivuko kimetengenezwa. Moussa anarudi kwangu Alhamisi, na kiti cha nyuma kiko wazi. Acha mashini, yaya. Unaitwa.

Rachida